Pampu Yetu Haiombi Maji Tena

Yamepanda, Mgeni Rasmi! Wallahi yamepanda, asubuhi hii hii, na hatukuitilia pampu hata kikombe! Naomba radhi. Risala niliyopewa na wazee inaanza kwa salamu, lakini habari hii imenitangulia mdomoni.

Haya, sasa kwa utaratibu.

MAKARIBISHO

Bwana Nicanor, Mkaguzi wa Maji, mgeni wetu rasmi: sisi wana Chama cha Maji cha Timbwani, hapa Likoni, tunakwambia karibu, starehe. Nisomaye ni Mastura binti Mwidani, nimerudi juzi kutoka chuo cha ualimu, na nimechaguliwa kwa kuwa, walisema, kusema sichoki. Tumefurahi kukuona. Tumefurahi zaidi kuona kwamba siku hizi za madaraka mkaguzi ni mtu wetu, ingawa umetoka bara na tumesikia feri ilikutia kizunguzungu.

TULIKOTOKA

Zamani tulivuta maji kisimani kwa kamba na ndoo. Ofisi yenu ikatuletea pampu kubwa ya injini, tukapiga vigelegele. Ila pampu ile, nawe wajua kutushinda, haivuti maji ikiwa tumboni ina hewa. Yataka ijazwe kwanza, yenyewe pamoja na bomba lake mpaka chini. Na ile vali ya chini kisimani inavuja, kwa hivyo usiku maji yote hurudi yalikotoka. Basi kila alfajiri kina mama wakawa wanateka maji kwa kamba ile ile ya zamani, wainyweshe mashine iliyokuja kuwaondolea kamba! Debe baada ya debe. Siku nyingine inakunywa yote, inanguruma, haitoi kitu. Tunarudi na madebe matupu, na watoto wanakwenda shule hawajanawa uso.

MLIYOTUTENDEA

Ofisi ikasikia kilio chetu, ikamtuma fundi Odhiambo kutoka Changamwe na mashine ndogo ya mkono, ya kunyonya hewa. Akaifunga juu ya ile kubwa. Unafunga vali ya kutolea maji, unazungusha mpini, hewa inatoka, na maji yenyewe yanapanda bombani kuja kukaa pale hewa ilipokuwa. Ukiyaona kwenye kioo cha kuchungulia, unafunga koki ya mashine ndogo, unawasha injini, unafungua vali. Basi, ni hayo tu! Sisi tulidhani mzaha. Asanteni, tena asanteni sana.

LILILOTUPATA

Hapa wazee waliandika "matatizo madogomadogo". Naona afadhali nikwambie lenyewe, maana utalisikia tu.

Siku Odhiambo alipoondoka, Bi Mwanatatu, mkuu wa zamu ya kina mama, aliitazama mashine ndogo akaona haya. Mashine ile nayo ni mgeni, imetoka mbali, haijapewa hata maji, na kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Akaifungua, akaimiminia. Vijana wakamwambia fundi hakusema hivyo. Akawajibu, "Lile jitu kubwa tumelinywesha mwaka mzima, na kutoa halitoi. Hili dogo lina kosa gani mpaka tulinyime?"

Wakaushika mpini. Wakazungusha. Mafuta ya ndani yakachanganyika na maji, yakageuka meupe kama tui, mpini ukagoma.

Odhiambo akarudi, akaifungua yote, akaikausha, akaitia mafuta mapya. Hakututukana. Alisema tu kwamba ofisini wameshaamua: mkaguzi akija akakuta hatuziwezi, mashine zote mbili zitapelekwa upande wa Bamburi, kwa watu waliozoea mashine.

"Basi tukaitafute kamba," akasema Bi Mwanatatu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

TUNALOLIOMBA

Bwana Mkaguzi, tangu siku hiyo mlinzi wa mashine ndogo ni yeye Bi Mwanatatu, na hakuna anayeisogelea na ndoo. Leo ndiye aliyezungusha, jasho likimtoka, nami nikimtazama mkono. Akaniambia, "Usinitazame mimi, mwanangu. Tazama kioo." Nikatazama. Maji yakaja polepole, yakajaa. Nikafunga koki, injini ikawashwa, vali ikafunguliwa, na kule juu bomba la tangi likakohoa, likakohoa tena, likamwaga. Mimi niliyesoma chuo nililia.

Tunaomba vali mpya ya kisimani. Tunaomba mafuta ya akiba. Na ombi lile kubwa umeshalijua, sina haja ya kulisoma: tuachieni mashine zote mbili.

Lakini Bi Mwanatatu amenikataza nisikuombe uamue leo. Asema siku ya mgeni hata kuni mbichi huwaka. Usiku huu pampu itamwaga maji yake yote kisimani kama kawaida. Anakuomba ulale kwetu, kitanda kimetandikwa, na alfajiri umchague wewe mwenyewe mama yeyote kwenye foleni azungushe, naye Bi Mwanatatu akae mbali, mikono nyuma, asiseme neno. Kina mama wamekubali wote. Wengine wana hofu, lakini wamekubali.

Mwenyezi Mungu akupe afya wewe na Odhiambo, na kila mkono uliotuletea chombo hiki. Tusemao ni sisi, Chama cha Maji cha Timbwani. Yaliyobaki, ya bustani zetu na ya shule, nitakusomea kesho, inshallah, maji yakishatoka. Yakikataa, hutakuwa na haja ya kuyasikia.