Mama Ukuta na Shashi ya Kidondani

Karibuni tuketi pamoja, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mtafiti wa kuvu. Wiki iliyopita moyo wake ulisimama akifunga viatu aende kazini.

Majirani walimwita Mama Ukuta. Miaka yote alichunguza kuvu zinazoleta magonjwa, hasa ule ukuta unaozunguka kila seli ya kuvu hizo. Jirani mmoja alisikia habari za ukuta na kuvu, akamwita akamtazamie bafu lake. Akaenda, tena na ndoo ya chokaa.

Ndani ya ukuta huo wa seli mna glukani, kemikali ya jamii ya sukari. Kuvu ikivamia mwili, glukani huingia kwenye damu, na kipimo huinasa. Kipimo hicho alikisimamia yeye maabarani.

Sasa, dada yake akatolewa figo. Ikabaki moja, wasikilizaji. Figo moja tu. Homa ikapanda, dawa za bakteria zikaanzishwa. Kipimo kikasema glukani ipo, tena tele. Daktari akaandaa dawa kali ya kuvu, ambayo ingeweza kuiua figo iliyobaki.

Mama Ukuta akauliza, "Kidonda kimejazwa nini?"

"Shashi," akajibu muuguzi.

Shashi ni kitambaa cha pamba, na pamba nayo huweza kuacha glukani kwenye damu. Akaomba shashi itolewe, kipimo kirudiwe, dawa ya kuvu isubiri.

"Kama ni kuvu kweli, kusubiri kutamuua," daktari akamwonya.

"Najua," akasema.

Dada mtu akawaka. "Hata dawa unaninyima? Kwani nimekukosea nini, wewe?" Akamgeuzia mgongo, asimsemeshe tena. Mama Ukuta akang'ang'ania kiti chake cha plastiki pale kitandani.

Shashi ikatolewa, na kipimo kiliporudiwa, glukani ilikuwa imeshuka. Haikuwa kuvu, ilikuwa shashi. Homa ilikuwa ya bakteria, nayo ikatulia. Figo ikasalimika.

Tulimkuta dada huyo akikunja nguo za marehemu. "Sikumwomba radhi," alituambia. "Nilipotoka hospitali nilimpikia, akala mpaka akalamba vidole. Nikasema basi, yameisha. Yule ni mdogo wangu. Nilijua mimi ndiye nitakayetangulia."

Kwako dada, na kwa wenzake wa maabara, poleni sana. Msiba huu ni mzito.

Nasi tujiulize: ni nani alituudhi kwa kututakia mema, na mpaka leo hatujamwambia neno? Kama yu hai, zima redio umpigie. Hatutakasirika.