Mama Vidole na Mioyo ya Watoto Wazima

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya watoto anavua sare baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Jina la kwenye vyeti vyake hulijui mpaka ufungue faili. Kwa watoto, wazazi na sisi wenzake, yeye ni Mama Vidole.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kabla ya kumgusa mtoto hupikicha viganja mpaka vipate joto, kisha huweka vidole viwili kifuani, upande wa kushoto, na kutulia akitafuta mahali moyo unapogonga. Wenye mtekenyo walimtoa jasho. Mmoja alicheka hadi akashikwa na kwikwi, foleni nzima ikaambukizwa, na kufikia saa sita waliopimwa walikuwa wanne tu.

Alianza kama mhudumu wa wodi, akasomea uuguzi huku ananyonyesha mapacha. Kompyuta zilipoletwa, aliandika kwa vidole vyake vilevile viwili, na bado ripoti yake ilitangulia zetu.

Miaka kumi na saba iliyopita lilitokea jambo ninalolijua vizuri, kwa sababu daktari mgeni aliyelisababisha ni mimi. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka mitatu apimwe kabla ya kuanza chekechea. Mtoto alikuwa buheri wa afya, anaruka kitandani. Nilipomgusa kifua, moyo uligonga juu na nje kidogo ya chuchu, si pale nilipozoea kwa watu wazima. Nikamwambia mama kwamba moyo wa mwanawe umepanuka. Akaketi sakafuni, akalia.

Mama Vidole hakunikosoa mbele yake. Aliniita kwenye stoo ya bandeji, akafunga mlango.

"Daktari mwanangu," alisema, "moyo wa mtoto mdogo hukaa juu, tena umelala mlalo. Mwache afike miaka saba hivi, utauona umeshuka wenyewe."

Akanipa daftari. Kwa miaka sita alikuwa akiandika umri wa kila mtoto mzima, asiye na ugonjwa, aliyekuja kliniki na mahali moyo wake ulipogonga. Wa miaka mitatu, karibu wote walikuwa kama yule binti. Nilipekua kurasa huku masikio yakiniwaka.

Nilirudi kumwomba mama radhi. Picha ya kifua iliyopigwa siku hiyohiyo ilionyesha moyo wa kawaida kabisa. Mama alilia tena, safari hii kwa furaha, akamkumbatia Mama Vidole mpaka kofia ikadondoka.

Kutokana na daftari lile tulichora mchoro ulio ukutani katika vyumba vyetu vyote vitatu, na kila mwanafunzi wa udaktari huanzia hapo. Wengi wameuliza wazo lilitoka wapi. Kwa miaka yote kumi na saba Mama Vidole amewajibu, "Tulikuwa tunajifunza," basi. Kosa langu hakulitaja hata siku moja. Leo nalitaja mwenyewe.

Dada yetu mkubwa, shukrani zetu hazina kipimo. Nenda ukalale mpaka jua lichome dirisha, ukacheze na wajukuu, na siku zako zote ziwe na afya, vicheko na utulivu.