Siku Nne Nilizozijaza kwa Kichwa

Ndugu zangu wa kikundi, mmeniambia nisimame, nimesimama. Magoti yakidai nitakaa. Majina ya wote waliohusika nayajua, hata ya watoto wao, lakini leo sitamtaja mtu. Kosa ni langu.

Mnakijua kile chombo kilichofungwa kwenye kizimba chetu cha mwisho cha samaki, hapa Igogo. Kinapima hewa iliyomo majini, ile wanayovuta sato wetu, na kupeleka namba kwenye kompyuta za watafiti zinakohifadhiwa. Kazi yangu ni kukipangusa kila asubuhi, maana utelezi wa ziwa ukikishika kinasoma vibaya, kisha kuandika namba kwenye daftari. Shule niliishia darasa la tatu, lakini namba nazisoma. Nilijivuna kwamba daftari langu halikuwa na mstari mtupu hata mmoja.

Dada yangu akafariki, ng'ambo huko Sengerema. Kwetu huondoki msibani kabla matanga hayajaanuliwa. Siku nne. Sikumwachia mtu kazi. Niliporudi nikakuta mistari minne mitupu. Nikatazama namba za wiki iliyotangulia, nikajaza zinazofanana nazo. Nani atajua? Nikakipangusa chombo, maisha yakaendelea.

Mwisho wa mwezi akaja mtaalamu wa wale watafiti, binti wa rika la wajukuu zangu, na fundi wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Chombo kinasema siku nne hewa ilishuka sana. Daftari lako linasema ilikuwa nzuri. Wewe hujawahi kukosea bibi, kwa hiyo kibovu ni chombo. Tunaking'oa, na namba zake za msimu mzima tunazitoa."

Ndugu zangu, nawaambia, sifa ile iliniuma kuliko tusi. Mnaukumbuka mwaka ule samaki walipoelea wote wamekufa, kabla hatujawa na chombo cha kututahadharisha. Fundi alishalegeza nati ya pili.

"Mwambie aache," nikasema. "Chombo hakina kosa. Mimi ndiye niliyedanganya."

Fundi akacheka. "Haya, profesa!"

Binti hakucheka. "Ulikuwa wapi bibi?"

"Msibani. Hakuna aliyekipangusa."

"Sasa kwa nini hukuacha wazi?"

"Niliona aibu."

Akalichukua daftari, akalifungua kwenye ile mistari minne. "Ungeacha wazi ningekuuliza, ungenijibu, yangeisha. Hizi za uongo ningeziamini."

Hakufuta kitu. Alizizungushia siku zile nne wino mwekundu, na kwenye kompyuta akaandika kwamba chombo kilikuwa kichafu, namba za siku hizo zisitumike. Nati zikakazwa. Nilidhani ataninyang'anya kazi. Akanirudishia daftari, akasema nitafute wa kunishikia zamu.

Namshukuru binti yule. Namshukuru fundi, ingawa hadi leo ananiita profesa. Nakushukuru wewe uliyekubali zamu ya pili. Unajijua, usijifiche nyuma ya kitenge. Na ninyi mliosikia habari hii mkaendelea kunisalimia, asanteni.

Funzo langu ni dogo: kama hukuwepo, andika hukuwepo.

Leo asubuhi nimewahi huku, na mwenzangu wa zamu nimekuja naye. Chombo hakuna aliyekifikia. Daftari ninalo hapa kwenye mkoba. Mstari wa leo unasomeka hivi: "Sikupima. Nilikwenda kikundini kusema ukweli."