Bondeni Imetoka Nyeupe

Benchi langu la kahawa liko mkabala na ukumbi wa ofisi ya maji, upande wa kivuli, na siku tisa hizi limepata wateja wenye vitambulisho shingoni. Mle ukumbini wamo mainjinia ishirini wa wilaya zote za mto wetu, watu wazima wenye kazi na watoto, wanafundishwa upya namna ya kuuhesabu mto. Asubuhi wanaingia na mikoba mipya, na saa nne wanatoka mbio kuja kwangu, maana kahawa ya mle ndani, wanasema, imepikwa na mtu asiyempenda mtu. Mimi nakaanga buni, nachoma ubani, namimina mzunguko wa kwanza, wa pili, na ule wa tatu wa baraka. Kusikiliza ni bure.

Wenyeji wa benchi ni wawili. Balcha, fundi viatu, tunamwita Redio kwa sababu hana mahali pa kumzimia. Mwenzake ni Ato Tefera, zamani karani wa mizani sokoni. Miwani tu ndiyo iliyompa jina la Profesa. Wote wawili, pamoja na mimi, tunakaa Bondeni, chini ya daraja. Na leo tulikuwa na neno na Fikre.

Fikre ndiye injinia wa wilaya yetu. Mama yake alikuwa jirani yangu. Mtoto huyo nimempaka siagi utosini kwa mikono hii. Saa nane mchana alikuwa asimame mbele ya wakubwa na ramani aliyoitengeneza kwenye mafunzo. Penye buluu ndipo mafuriko yatafika, na penye buluu ndipo patajengwa tuta la mawe kabla ya mvua. Fedha ya tuta ni ya mwaka huu tu. Akaikunjua ramani magotini tumsifu. Bondeni ilikuwa nyeupe kama shuka yangu ya kanisani.

Redio akaweka sindano chini.

— Fikre mwanangu, hapa ni kwetu?

— Ni kwenu, Gashe Balcha.

— Na hapa palipopakwa buluu?

— Shamba la miwa, na bustani ya hoteli mpya.

— Basi mto una adabu. Ukifika darajani unasema, hawa maskini tuwaruke, twende tukaoge hotelini.

Fikre hakukasirika. Alitueleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, kwamba kompyuta imepewa mvua ya miaka kumi, mteremko wa milima, aina ya udongo, na kina cha mto kilichoandikwa asubuhi na jioni kila siku. Kisha wewe unazungusha namba, unazungusha tena, mpaka mstari wa kompyuta ulale juu ya mstari wa mto wenyewe. Wake umelala vizuri kuliko wa wote. Mwalimu, mgeni aliyeletwa kutoka mbali, aliuonyesha ukutani na darasa likapiga makofi.

Nikamwambia, mwanangu, nimefurahi kwa makofi. Lakini mwaka juzi maji yaliingia kwangu mpaka kwenye picha ya Mtakatifu Giorgis ukutani. Farasi wake alikuwa anaogelea.

— Sikatai, Emama. Lakini kumbukumbu si takwimu.

— Na tope nililochota siku nne?

— Hiyo ni simulizi.

— Na ng'ombe wa Redio aliyekwenda na maji?

Akainamia ramani, maana ng'ombe yule alimjua.

— Emama, kwenye modeli yangu mto haujawahi kupita mita tatu na nusu. Mita tatu na nusu haifiki Bondeni. Nifanye nini?

Hapo wazee wakashika usukani. Profesa alivua miwani, akaifuta, akasema wahenga walikwisha kulimaliza jambo hili: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kompyuta imesifiwa mno, kwa hiyo imetia maji hotelini. Redio akamwambia methali hiyo ni ya walevi, haihusu. Kwa maoni yake kosa ni la malezi. Mashine ile imekulia nchi ambayo mito inapita kwenye mabomba, ikiwa na saa ya kutoka na saa ya kurudi. Itaujuaje mto wetu ambao haujawahi kwenda shule?

Profesa akasema hapana, ni suala la makaratasi. Maji ya mwaka juzi hayakuandikishwa kwa mtendaji wa mtaa, na kitu kisichoandikishwa hakikufika. Asiye na kitambulisho hata akizama hahesabiwi, sembuse maji yenyewe. Redio akaongeza kwamba mwenye hoteli aliuchinjia mto fahali, akaomba awekwe yeye ndani ya buluu ili ajengewe tuta la bure. Basi Profesa, kwa kuwa hakupenda kushindwa, akatoa ya mwisho: pengine mafuriko yalikuwa ya wilaya jirani, yalipotea njia tu, na huko ndiko yalikochorwa.

— Au tuliota, akasema Redio. Nyumba arobaini, ndoto moja. Ng'ombe wangu naye akaiota, akaondoka.

Nikamimina mzunguko wa pili.

Ndipo akafika Alganesh. Huyu ni mama wa makamo anayesoma kipimo cha mto, ule ubao wenye namba uliosimikwa majini kwenye daraja la juu. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni anashuka, anasoma, anaandika, na kila mwezi anakuja kwa miguu kukabidhi daftari ofisini. Mainjinia wote ishirini wamekula namba za watu kama yeye siku tisa nzima, na hakuna aliyemwalika hata chai.

Nikamkalisha, nikampa kikombe. Fikre alimsalimia kwa heshima, akamwonyesha karatasi yenye ile mistari miwili iliyopigiwa makofi. Alganesh akaifuata kwa kidole, mwaka kwa mwaka, kama anayetafuta mtoto wake kwenye picha ya darasa. Alipofika mwaka juzi kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena.

— Injinia, siku za Pagume mmeziweka wapi?

Fikre akaivuta karatasi kwake.

Hata mimi nisiyejua kusoma najua mwaka wetu una miezi kumi na mitatu, na wa mwisho ni Pagume, visiku vitano tu, sita mwaka mrefu, kabla ya Mwaka Mpya. Mto ukiwa umeshiba mvua yote ya masika yetu, huo ndio wakati wake wa kucheua.

— Mwaka juzi Pagume tatu nilisoma nikiwa nimeshikilia ngazi za daraja, akasema Alganesh. Mita nne na sitini. Niliandika kwa wino.

Fikre alisema kwa sauti ndogo, akiongea na kikombe. Siku ya pili ya mafunzo waliingiza madaftari kwenye kompyuta. Kompyuta inajua miezi kumi na miwili. Kila palipoandikwa mwezi wa kumi na tatu ikaweka wekundu. Mwalimu akasema safu nyekundu ni makosa ya waandishi, futeni muendelee. Zilikuwa safu mia moja na nne kati ya elfu saba na zaidi.

— Na ninyi wengine? nikamuuliza. Ishirini nzima, na kila mwaka mnakula Pagume nyumbani kwenu?

— Tulikuwa tunawahi chai, Emama.

Redio akaokota sindano yake. Profesa alianza, maji yakimwagika, akaishia hapo.

Fikre akatazama saa. Saa nane kasoro robo. Mkuu wake alikuwa amekwisha kuiandikia ramani ile barua ya pongezi. Fikre akaikunja ramani, akasimama.

— Dada Alganesh, twende ndani.

— Mimi? Mimi nasoma mto, injinia. Sihutubii.

— Hutahutubia. Utauliza swali lako lile lile, mimi nitajibu kwamba nilifuta.

Alganesh alikung'uta vumbi kwenye daftari, akajifunga shuka vizuri, wakavuka barabara. Birika langu lilikuwa limebaki mashapo matupu, mzunguko wa tatu haukutoka. Tukakaa watatu tukitazama madirisha. Kelele za viti zilitoka mle ndani, na kicheko cha mtu mkubwa, na sauti ya mwalimu akikaribisha. Kisha sauti moja ya mwanamke, fupi.

Kisha ikafuata ya Fikre, kwamba alifuta, na kile kicheko hakikurudi.