Masanduku Thelathini na Moja ya Don Eleuterio

Ndugu, jamaa, majirani wa La Unión, na nyinyi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, familia inawashukuru kwa kufika katika baridi hii ya Juni, na inaomba mtuvumilie kidogo, maana maisha ya marehemu hayakuwa na kelele na ni rahisi kuyapita bila kuyaona.

Marehemu Eleuterio Bassagoda Píriz alizaliwa tarehe 3 Novemba 1940 mjini Minas, mtoto wa tatu wa mzee Hipólito, fundi viatu, na mama Clorinda, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1947 hadi 1952, kisha mwaka 1954 akaletwa Montevideo kwa shangazi yake, akasomea uchapaji katika shule ya ufundi na kuhitimu Desemba 1957.

Tarehe 3 Machi 1958 aliajiriwa katika kiwanda cha chapa cha mtaa wa Yaguarón akiwa msoma prufu, yaani mtu wa kukagua kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, akakalia meza hiyohiyo hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 1999, na ni mezani hapo alipovijua vitabu vya Bi Zulma Arrillaga, mwandishi wa riwaya arobaini na tatu za mapenzi, zilizouzwa kwenye vibanda vya magazeti, zikasomwa na washonaji, wauguzi na makondakta, na kudharauliwa na kila aliyejiona msomi.

Tarehe 12 Februari 1966 alifunga ndoa na Bi Nélida Curbelo, mshonaji, na wakajaliwa watoto wawili, Graciela mwaka 1968 na Wilson mwaka 1971.

Jumapili moja ya Agosti 1969 Bi Nélida alirudi kutoka sokoni na mayai, na punde akamkuta mumewe kayatoa kwenye karatasi yaliyofungiwa na amesimama jikoni anaisoma, kwa kuwa ilikuwa ukurasa wa mswada wa riwaya ya kwanza ya Bi Zulma, kwa mwandiko wake mwenyewe, na mistari aliyoikata, maana kiwandani kitabu kikishatoka, miswada na prufu zilipelekwa sokoni kufungia bidhaa. Kesho yake alimwomba bosi asizitupe tena, bosi akamwambia, "Chukua, bwana, unanipunguzia panya," na Bi Zulma mwenyewe, alipoombwa ruhusa, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Don Eleuterio, mimi naandika nipate kula, wewe unanitunzia mpaka mifupa?" Bi Nélida, aliyetutoka mwaka 2011, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyo mwanamke ana chumba kizima nyumbani kwangu, mimi nina kabati moja," lakini ni yeye aliyeshona mifuko ya kuzikinga karatasi na unyevu.

Masanduku ya karatasi hizo yalifika thelathini na moja, na marehemu, Babu yetu, alitaka jambo moja tu, yakae pamoja, yote, katika maktaba ya chuo, chini ya jina la mwanamke yule. Aliomba mwaka 1999, akaomba 2006, akaomba 2012, na mara zote tatu alijibiwa kwamba ile si fasihi. Bi Zulma akafariki mwaka 2016, magazeti yakalia, na ghafla ikawa fasihi, ndipo mwaka 2019 wakaja wataalamu wawili kufungua masanduku.

Hapa familia haitaficha kitu. Bi Zulma alikuwa akisahihisha prufu zake kwa penseli nyekundu ya kiwandani, Babu naye alikuwa na penseli hiyohiyo, na kwa miaka mingi, kila Jumapili, akinywa chai yake ya yerba mate, alizisoma upya, na kila alipokuta kosa lililopenya, alilisahihisha. Wataalamu wakamwambia, "Mzee, umeziharibu, hatujui alama ipi yake, ipi yako." Akajibu, "Kosa lilikuwepo, ningeliachaje?" Wakafunga masanduku wakaondoka.

Ni kweli alikosea, na alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini tunauliza, je, walikuwa wapi hao wenye mikono safi, siku kurasa zile zinafungiwa mayai? Yeye hakuuliza. Alikuwa amechoka, na kuanzia Machi 2020 alikaa na kioo cha kukuzia maandishi, akaanza kuorodhesha, ukurasa kwa ukurasa, kila alama ni ya nani, na pale kumbukumbu ilipogoma aliandika "sijui," akasonga mbele.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa tarehe 27 Mei 2025 akiwa amemaliza kuorodhesha kitabu cha ishirini na tisa, akamsihi Graciela amletee cha thelathini, daktari akakataa, na Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Mchana wa siku hiyo maktaba ilipiga simu kutoa pole, ikasema itapokea vitabu ishirini na tisa vyenye orodha, kumi na vinne vilivyobaki tuvitafutie pa kwenda. Tumewajibu kwamba ni vyote au hakuna, na vimebaki nyumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotubebea supu siku kumi na nne, na wafanyakazi wenzake wa zamani, hasa Don Rubén Camejo, aliyekaa meza ya pili miaka thelathini na anazijua alama za penseli za Babu na za Bi Zulma, ambaye jana, mbele ya jeneza, alimwambia Graciela, "Nifungulie Jumanne saa tisa, binti yangu, tunaanza na cha thelathini, na usininunulie biskuti, nina sukari."

Lala sasa, Babu, uyapumzishe macho, makosa yaliyobaki tuachie sisi.