Shangazi wa Mlangoni

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akahitimu udaktari.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa magonjwa ya watoto, chumba namba 9, chenye dirisha moja lisilofunguka, na humo kwa miaka thelathini na mitatu alichunguza kifaduro, kikohozi kinachomkaba mtoto mchanga hadi midomo ikabadilika rangi. Alitembelea nyumba 614, akachukua vipimo vya pua na koo vya kila aliyeishi humo, akabaini kwamba mara nyingi mwenye kukileta ni mtu wa nyumbani, yule anayesema, "Aa, hiki kimafua tu," huku amempakata mtoto.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakaachana bila ugomvi mwaka 1993, kwa kuwa mwalimu alitaka watoto na yeye aliogopa kuwa nao.

Kaka yake alipata watoto watano, na kila mara marehemu alifika, akasimama kizingitini, akaweka kifurushi sakafuni, akamtazama mtoto kutoka hapo hapo, huku wifi yake akimtania, "Shangazi wa Mlangoni huyo! Mrushieni mtoto amdake!" Alicheka nao, akaenda zake. Familia inakiri kwamba tulisema ana maringo, tukasema hapendi watoto.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2021, akalazwa tarehe 9 Januari mwaka huu. Tarehe 17 kaka yake alimuuliza, "Kwani wanangu walikukosea nini?" Ndipo akamweleza kwamba mwaka 1967, akiwa na kikohozi ambacho hakuna aliyekijali, alimbeba mgongoni kila alasiri mdogo wao wa mwisho, aliyefariki akiwa na wiki saba, na kwamba sababu ya kifo kile aliigundua mwenyewe, peke yake, chumba namba 9, katika vipimo vya watoto wa watu. Kaka alimwekea mto vizuri, akatoka. Marehemu alifariki tarehe 20, saa nne na dakika arobaini asubuhi, kaka akiwa bado njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliomchemshia uji na kumfulia, na wenzake wa maabara, ambao walimjua kuliko sisi.

Kaka yake ameomba haya yasomwe mwisho: mdogo wangu, ulikuwa na miaka minane, na mtoto hakuwa akilala ila mgongoni kwako. Hakuna aliyekulaumu siku ile, na leo hayupo wa kukulaumu. Sasa pumzika, kwa amani.