Tangi la Mama Akiteng

Mama Benta Akiteng anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha barafu hapa Busia. Nimeombwa mimi, Oduori wa kompresa, nimsifu. Tuliajiriwa siku moja, na nimemwonea wivu tangu siku hiyo.

Barafu yetu huganda ndani ya makopo yanayozamishwa kwenye tangi la chuma lenye maji ya chumvi, ambayo hupoa sana bila kuganda. Baridi hiyo naitengeneza mimi kwa mashine yangu, kompresa. Lakini wageni hulipiga picha tangi, kwa sababu chumvi ingekuwa imeshakula chuma kile zamani kama si dawa ya Mama Akiteng. Dawa hujenga utando mwembamba juu ya chuma, kutu ikakosa pa kushika. Kompresa yangu haijapigwa picha hata moja.

Alikuwa na desturi yake. Kipande cha chuma alikitundika kwa uzi tangini, na kingine akakitia kwenye ndoo ya maji ya chumvi yasiyo na dawa, apate kulinganisha. Cha ndoo kikishaliwa alileta kipya, akakipa jina la aliyemuudhi wiki hiyo. Nimeoza katika ndoo ile mara nyingi kuliko meneja.

Alipokwenda likizo kwao Amukura, Emong wa zamu alipunguza dawa nusu ili isiishe kabla hajarudi. Mama alirudi akakuta tangi linachuruzika maji.

“Emong, dawa ikiwa kidogo kutu inachagua mahali pamoja, inatoboa!” alifoka.

Wakati wa likizo hiyo, wauza samaki wanaonunua barafu yetu waliuliza Mama yuko wapi. Hakuna aliyeuliza Oduori yuko wapi. Angalau wiki aliyorudi kipande cha ndoo kiliitwa Emong.

Alipotangaza kustaafu, niliutaka ufunguo wa tangi waziwazi. Nilimpelekea chai mwezi mzima. Jumatatu akampa Brendah, mwenye miaka miwili tu kazini. Niliumia, na bado naumia.

Kisha akavuta uzi tangini, akaniwekea mkononi kile kipande alichotundika mwaka tulioajiriwa. Bado ni laini, hakina kutu. Jina langu limechongwa pale, na mchongo wenyewe si wa juzi.

Nimekitundika juu ya kompresa. Sasa Brendah ndiye anayeona wivu.

Asante, Mama Akiteng. Tunakuombea afya, na ng'ombe wako wa Amukura wakupe maziwa tele. Samaki wakizidi kufika Malaba wabichi, watu watasema ni kazi yako. Wacha waseme.